Fundi Haishi kwa Makofi

Leo tuvuke maji pamoja twende Lamu. Msimu wa tamasha la utamaduni unakaribia, na kwa kawaida huwa Novemba. Najua baadhi yenu mmeshaanza kuulizia nauli ya basi la Mokowe, na wengine mnangojea video za mbio za punda tu. Sawa, kwa punda tutafika. Ila mimi nimekuja na habari ya mafundi, na maoni yangu nayatoa mapema ili msije mkasema nimewazungusha: tamasha la kazi za mikono halipimwi kwa wingi wa watu waliojaa ufukoni, wala kwa ukubwa wa mgeni rasmi aliyelifungua. Linapimwa kwa oda anazorudi nazo fundi nyumbani baada ya mahema kuvunjwa.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika, niwape ramani ya mdomo. Ukienda kwa basi, safari ya gari inaishia Mokowe, na hapo unapanda boti. Ukienda kwa ndege, unashukia Manda, na hapo pia unapanda boti. Kwa njia yoyote ile, Lamu unaifikia kwa maji, na mji unauona wote kwa pamoja kabla hujaukanyaga: kuta nyeupe, mapaa ya makuti, minara ya misikiti, na mashua zimefungwa ubavu kwa ubavu mbele yake. Ukishuka gatini, tembea kidogo uingie Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Hapo ndipo moyo wa tamasha ulipo.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, kwa msaada wa Sayyid Said wa Omani, baada ya vita vya Shela ambamo Waamu waliwashinda Wapate pamoja na Mazrui wa Mombasa. Nalisema hili kwa unyenyekevu mkubwa, maana mimi ni mtu wa Mombasa, na Lamu hawajachoka kunikumbusha. Baadaye ngome ikageuzwa gereza, ikabaki hivyo mpaka 1984, na sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ua ambao wafungwa walikuwa wakiota jua ndani yake, siku za tamasha unatandikwa mikeka na meza za maonyesho.

Karibu na ngome unapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa ndani. Ukielekea kaskazini unaingia Mkomani, kwenye majumba makubwa ya mawe. Ukielekea kusini unaingia Langoni. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na ukipita vichochoro vyake unaelewa sababu. Nyumba ni za matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutwi ikawa ndefu zaidi, kwa hiyo upana wa chumba cha Lamu umeamuliwa na mti. Ndiyo maana vyumba vya kule ni vyembamba na virefu. Ukutani kuna zidaka zilizochongwa kwenye lipu, na mlangoni kuna daka lenye viti vya mawe pande zote mbili, mahali pa kuketi na mgeni usiyetaka aingie ndani. Naanza na nyumba kwa makusudi. Kabla hujafika kwenye hema hata moja la maonyesho, umeshapita katikati ya kazi ya mwashi, mchonga milango, mkata boriti na mchoma chokaa. Hao hawakuwa wakionyesha utamaduni. Walikuwa na mteja aliyetaka nyumba.

Haya, tuingie tamashani.

Ratiba ikisema saa tatu asubuhi, usikimbie. Kunywa chai kwanza, kula mahamri, Lamu haikuachi nyuma. Mambo yanapoanza huanza yote kwa pamoja: huku wanawake wanapakana hina na piko, kule wazee wamekwisha kukaa kwenye bao na hawataki kusemeshwa, kwengine kuna mapishi, na kwenye jukwaa kuna mtu anajaribu kipaza sauti kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, kama kwamba tatu haijavumbuliwa. Vijiji vya visiwani navyo huleta watu wake. Matondoni na Kipungani, vilivyo kwenye kisiwa hichohicho cha Lamu, huja na mikeka. Pate na Siyu huja na ngozi na mbao.

Mimi nilipokwenda nilivutwa na mshona kofia. Alikuwa mtu mzima, ameketi kwenye mkeka ndani ya ua wa ngome, mgongo ameuegemeza ukutani, na kofia ameishika karibu sana na macho. Lamu kushona kofia si kazi ya wanawake peke yao. Wanaume wengi huifanya, hata barazani, huku mazungumzo yakiendelea. Aliyokuwa akiishona ilikuwa kofia ya vito. Kama hujaiona kwa karibu, sikiliza inavyofanywa. Kitambaa cheupe hukatwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Mchoro hutiwa kwanza juu ya kitambaa. Halafu huja vitundu. Kila kitundu hutobolewa, kisha ukingo wake huzungushiwa uzi kwa sindano, mshono mmoja baada ya mwingine, mpaka kiwe imara na kiwe duara. Kikimalizika kimoja, unahamia cha pili. Kofia nzima ina vitundu visivyohesabika, na jicho la mjuzi linatambua kimoja kilichoshonwa kwa haraka. Vitundu hivyo pia ndivyo vinavyopitisha hewa kichwani, kwa hiyo pambo lina kazi yake.

Nikamuuliza, “Ami, hii itakwisha lini?”

“Ikitaka kwisha itakwisha,” akanijibu, bila kuinua macho.

Baadaye alinionea huruma akaeleza kwamba kofia nzuri huchukua miezi, kwa sababu hakuna macho yanayoweza kukazia vitundu hivyo kutwa nzima. Mtu hushona saa mbili tatu, akaenda shamba au baharini, akarudi jioni kama mwanga upo. Ndiyo maana bei yake huenda maelfu ya shilingi, na ndiyo maana wapita njia huruka wakisikia. Nilikaa naye kwa muda, na katika muda huo watu wengi walisimama mbele yetu. Wakapiga picha mikono yake. Wakapiga picha kofia. Mmoja alimwomba ainue uso atabasamu. Wakasema “maashallah”, wakasema “kazi nzuri”, wakaenda zao kutazama punda. Hakuna aliyeuliza bei. Nami nikatambua kwamba yule mzee alikuwa akifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kushona kofia, na kuwa maonyesho. Hiyo ya pili haikuwa na malipo.

Hapo ndipo lilipotoka jina la mazungumzo ya leo. Makofi yanapendeza, ila hayanunui uzi wa hariri.

Upande wa mikeka hali haikuwa mbali na hiyo, ingawa kina mama wa Matondoni ni wafanyabiashara wakali kuliko wazee wa kofia. Mkeka huanza na miyaa, yaani majani ya mkoma. Huchanwa vipande vyembamba, hukaushwa juani, na yanayotakiwa kuwa ya rangi huchemshwa katika sufuria ya rangi. Kisha husukwa ukili, ule utepe mrefu ambao mwanamke huusuka huku akitembea, akisimulia, akimkaripia mtoto, bila kuutazama. Ukili hupimwa kwa pima. Ukishakuwa wa kutosha, hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka utepe ugeuke mkeka. Fundi hodari huhakikisha michoro inakutana kwenye mishono, na hilo linataka hesabu, kwa sababu alipokuwa akisuka pima ya kwanza ilimbidi ajue itakaa wapi na pima ya ishirini. Tunasema mabinti zetu hawapendi hesabu. Wapelekeni Matondoni.

Pale kwenye mikeka palikuwa na kawa za kufunikia chakula, vipepeo vya kupepea moto, vitanga na mifuko. Mteja mmoja aliinua mkeka mkubwa wa rangi tatu, akaukunjua, akaukunja, akasema, “Mama, punguza.”

“Nimepunguza tangu nilipoupakia mashuani,” akajibu mama. “Wewe ongeza.”

Tukacheka sote, na mteja akacheka, na mkeka akauacha. Kabla hujamlaumu mteja, jua kwamba hatua chache kutoka hapo, dukani, kuna mkeka wa plastiki kwa bei ndogo sana, unaooshwa kwa maji ya mfereji na kukauka kwa dakika. Mama wa Matondoni anashindana na huo. Hawezi kuushinda kwa bei, na hapaswi kujaribu. Anaweza kuushinda kwa kupata wateja wanaojua wanachonunua: mwenye nyumba ya wageni anayetaka vyumba vyake vyote viwe na mkeka wa mchoro mmoja, mwenye harusi anayetaka mkeka mpya wa bibi harusi. Watu wa namna hiyo hawanunui papo kwa papo wakiwa na aiskrimu mkononi. Wanaweka oda.

Sasa niseme jambo litakalowakera baadhi ya marafiki zangu. Nilihesabu mahema yaliyokuwa yakiuza vitu ambavyo Lamu haijawahi kuvifanya, nikachoka nikaacha. Tembo wa mawe ya Kisii walikuwepo, jamii nzima, baba, mama na watoto. Yule tembo amesafiri kutoka Tabaka mpaka kisiwani, amevuka nchi nzima, safari ndefu kuliko hata yangu. Sina ugomvi na wachongaji wa Kisii. Ni mafundi wa kweli, na mawe yao yana historia yake. Nina ugomvi na kofia za mashine zilizopangwa kwenye meza zikiitwa kofia za Lamu, zikiuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya kofia ya yule mzee aliyeketi umbali wa kutupa jiwe. Mgeni asiyejua atasema huyu anauza bei nafuu na yule ni mwizi. Mwandalizi wa tamasha anayeruhusu hivyo viwili vikae jirani bila alama yoyote ya kuvitofautisha anamharibia fundi soko hapohapo alipomwalika.

Tuje kwenye mbao, maana Lamu bila milango si Lamu. Mlango wa kale una mbao mbili zinazofunguka, mwimo kila upande, kizingiti juu, na mfaa katikati, ile nguzo iliyochongwa inayoziba pengo baina ya mbao mbili. Kila sehemu ina nafasi yake ya mchoro. Milango yenye michoro ya mistari na maumbo iliyotiwa nyekundu na nyeusi ni ya mtindo wa Siyu na Wabajuni. Mingine ina maua na mizabibu na inaonyesha athari za India na Arabuni. Kuna wakati milango ya kale iling'olewa na kuuzwa, ikapandishwa meli, na leo baadhi iko kwenye sebule za watu wasiojua Langoni ni wapi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakataza vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali. Lililo zuri ni kwamba hamu ya milango ile imewapa kazi wachongaji wa leo, wanaochonga mipya kwa mkono uleule.

Karakana za uchongaji mjini hazihitaji tamasha kukuonyesha kazi. Ziko wazi mwaka mzima, vumbi la mbao linatoka mpaka njiani, na vijana wameinamia mbao wakiwa na nyundo na patasi. Kwenye maonyesho nilimkuta fundi na wanafunzi wake wakitengeneza kiti cha enzi, kile kiti cha heshima cha Waswahili chenye mgongo mrefu na kamba zilizosukwa kwenye kikalio. Nilimuuliza tatizo lake kubwa ni nini, nikitarajia aseme soko. Akasema mti. Mbambakofi ulionyooka hauji tena kirahisi. Unatoka bara, unakawia, na bei yake hupanda kila anapopiga simu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni Februari 2018, kila anayeishi kwa mbao hapa nchini alionja uchungu huo. Huku Lamu marufuku hiyo iliwagusa hata wakata mikoko, ingawa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hiyo na watu wameivuna kwa karne nyingi bila kuimaliza. Baadaye wakataji wa mikoko wa Lamu walifunguliwa mlango. Lakini fundi akikosa mti mwaka mmoja, mwanafunzi wake anaenda kutafuta kibarua bandarini au kuendesha boti ya abiria, na akienda harudi. Ukiniuliza, mazungumzo baina ya mafundi na watu wa misitu yangekuwa na faida kwa tamasha kuliko hotuba tatu za mwanzo.

Haya, punda. Najua mmekuwa mkinivumilia.

Mbio za punda hukimbiwa ufukoni mwa mji, na wanaoendesha ni vijana wanaofanya kazi na punda haohao kila siku, kubeba mawe, mchanga na magunia ya saruji katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Kijana hukaa nyuma kabisa, karibu na mkia, bila tandiko, miguu inaning'inia, na anamwongoza mnyama kwa sauti na mikono. Punda wanaanza kwa vurugu. Mmoja anakimbia kama ana deni, mwingine anasimama katikati ya njia akitafakari, wa tatu anaamua kwenda kumsalimia jamaa yake aliyefungwa pembeni. Watazamaji wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Mshindi huwa mtu mkubwa mtaani mpaka mwaka unaofuata. Kuna kituo cha hifadhi ya punda mjini tangu 1987, kinachowatibu wanyama hao bila malipo, na kwa hakika nampa heshima zaidi mwenye punda aliyenenepa na asiye na donda mgongoni kuliko mwenye punda aliyefika wa kwanza.

Mbio za mashua ni jambo la namna nyingine. Punda unacheka, mashua unanyamaza. Kila moja ina tanga lake moja kubwa kwenye foromali, na upepo ukilijaza mashua inalala ubavu, na mabaharia wanatambaa kwenye ubao unaotokeza nje juu ya maji ili uzito wao uirudishe. Wakigeuza tanga kwenye boya, kila mtu anajua nafasi yake na hakuna anayeamrishwa. Mashabiki wa Shela, Matondoni na mjini wanaijua kila mashua kwa umbo la tanga lake kabla hawajaona jina. Na hapa ndipo tamasha hufanya kazi yake sawasawa, pengine bila kujua: mashua ikishinda, mjenzi wake hupata wateja. Mashindano ni tangazo lake. Mvuvi anayetaka chombo cha mbio za kuwahi soko anajua amwendee nani Matondoni.

Ujenzi wenyewe hufanywa bila mchoro wa karatasi. Mkuku unalazwa, na mataruma yanachaguliwa kutoka kwenye miti iliyopinda yenyewe, kwa sababu taruma lililopindwa na Mungu halivunjiki kama lililokatwa kwa msumeno. Tezo linapiga, keekee inatoboa, misumari inaingia, halafu wanakuja makalafati kuziba nyufa kwa pamba na mafuta. Zamani zaidi palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Hicho kimekwisha. Hakikufa kwa kukosa sifa, kwa sababu vitabu vingi vimeusifu mtepe. Kilikufa pale ambapo hakuna aliyeagiza mwingine.

Kwa upande wa pili kuna Flipflopi. Mwaka 2018 mjenzi wa majahazi wa Lamu, Ali Skanda, pamoja na wenzake, walizindua jahazi lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa, na ubavuni wakalivisha kandambili zipatazo elfu thelathini zilizokuwa zimetupwa na bahari. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, kilomita zipatazo mia tano. Wengi walilipenda kwa rangi zake. Mimi nililipenda kwa sababu mafundi walilazimika kuifundisha plastiki kazi ya mbao: kuipiga randa, kuitoboa, kuipigilia misumari, kuona inapopinda na inapokataa. Fundi aliyepewa kazi mpya ya kweli huongeza ujuzi. Fundi aliyepewa kazi ya kuigiza kazi yake ya zamani mbele ya kamera haongezi kitu.

Usiku ni wa goma na mashairi. Wanaume wamejipanga safu kwa kanzu na bakora, zumari inalia, wanakwenda mbele taratibu na kurudi taratibu, kwa adabu ambayo vijana wa leo huiona uzito mpaka siku wanapoingia safuni wenyewe. Lamu ni nchi ya washairi. Huko Pate na Siyu alitoka Mwana Kupona, aliyemwachia binti yake utenzi mnamo 1858, na mpaka leo mji una Ustadh Mahmoud Mau, ambaye kwa miaka mingi aliishi kwa kuoka mikate huku akitunga tenzi zinazosikilizwa pwani nzima. Kwa hiyo ukiniambia kuna usiku wa mashairi Lamu nitakuja kwa miguu. Ninaloomba ni moja: wale wa vipaza sauti vya muziki wa jukwaa la pili wangoje mshairi amalize. Kijana mmoja alighani shairi lenye vina vilivyokaa sawa, mizani imetimia, na sikusikia beti zake mbili za mwisho kwa sababu ya spika. Lile lilikuwa kosa la mpangilio, linalorekebishika kwa kuhamisha waya.

Watu wa Lamu wana sherehe nyingine kubwa, kongwe kuliko tamasha hili, nayo ni Maulidi ya Mfunguo Sita. Iliota mizizi kwa juhudi za Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyeanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, na watu huja kutoka pande zote za pwani. Maulidi hayana hema la maonyesho ya ufundi. Lakini tazama kinachotokea: miezi kadhaa kabla yake, washona kofia wana kazi, washona kanzu wana kazi, mikeka inanunuliwa kwa ajili ya wageni watakaolala, mashua zinapakwa mafuta kwa ajili ya abiria. Hakuna anayesema anahifadhi utamaduni. Mtu anataka kofia mpya kwa sababu atakuwa kwenye zefe mbele ya wenzake na hataki aibu.

Tofauti kati ya kumtegemea mtazamaji na kumtegemea mteja wa nyumbani ilionekana wazi pale mambo yalipoharibika. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara katika visiwa vile, na Juni 2014 yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni, upande wa bara, ikafuata amri ya kutotoka nje usiku. Watalii wakakatika. Aliyekuwa akichonga vitu vidogo vya kumbukumbu kwa ajili ya ndege ya saa sita alikaa mikono mitupu. Lakini harusi hazikusimama, Idi haikusimama, Maulidi hayakusimama, na mvuvi alihitaji mashua. Kwa hiyo ninaposema oda, sisemi oda za Ulaya peke yake, ingawa nazo zije kwa baraka zote. Nasema oda zetu.

Kwa hiyo waandalizi, kama mnanisikia, wekeni meza moja tu pale Mkunguni yenye daftari la oda. Fundi aandikwe jina, kijiji, anachofanya na muda anaohitaji. Mteja aweke arbuni, apewe risiti, na kuwe na mtu wa kufuatilia baada ya tamasha. Kofia ya mkono iwe na alama yake na ya mashine iwe na yake. Na pesa za zawadi zigawanywe vyema zaidi: hakuna sababu mshindi wa mbio za dakika chache azawadiwe pesa, na mwanafunzi aliyemaliza mfaa wake wa kwanza apewe cheti tu.

Na wewe msikilizaji, ukienda, piga picha, hakuna anayekukataza. Ila muulize fundi jina lake na bei yake kabla hujamwelekezea simu. Usimwambie apunguze mpaka umeketi naye ukaona anavyofanya. Na kama una kijana anayeoa mwakani, kofia yake iagize Novemba hii, maana ukingoja mpaka kadi za harusi zichapishwe, utanunua ya mashine.